Geini, Miksi na Masta: Maneno Niliyojifunzia Keko

Nimestaafu mwezi uliopita. Zawadi niliyopewa ni saa ya ukutani, jambo ambalo kwa mtu aliyeambiwa hana haraka tena naliona kama mzaha kidogo, lakini nimeipokea kwa shukrani na nimeitundika sebuleni kwangu Mwananyamala. Siku ile ya kuniaga, vijana wa studio mliniomba niwaandikie maana ya maneno ya kazi yetu, geini, kompresa, miksi, masta na mengineyo, kwa sababu mnayasoma mtandaoni na mnatoka na kizunguzungu. Nilikaa mezani nikaanza kuyapanga kama kamusi. Nilipofika neno la tatu nikachana karatasi. Mie sikuyajua maneno haya kwa maana zake. Niliyajua kwa watu na kwa makosa, na nikiwaondoa hao watu na hayo makosa nitakuwa nimewapa yale yale ya mtandaoni. Kwa hiyo nitawasimulia. Mishahara na vyeo nitaviruka, maana havitatosha hata ukurasa.

Nilianza kazi Keko, kwenye studio iliyokuwa nyuma ya karakana za maseremala. Wakati huo tulikuwa tunarekodi kwenye mikanda, kompyuta ilikuwa bado ni kitu cha benki. Baba yangu, Mmakonde wa Newala aliyekuwa akichonga vinyago Mwenge, alifurahi kuliko mie aliposikia binti yake Fausta amepata kazi ya ndani, yenye kiti. Niliajiriwa kupokea wageni na kuandika majina kwenye kaseti, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri niliofundishwa na masista wa misheni. Fundi mitambo alikuwa Mzee Mkumba, mtu mwembamba wa shati jeupe na kalamu tatu mfukoni, ambaye katika wiki yangu ya kwanza aliniambia maneno kama kumi na mawili, na manne kati ya hayo yalikuwa "funga mlango."

Kazi yangu ya kwanza ya ufundi haikuwa na kitufe hata kimoja. Nilipewa kitambaa chekundu. Kila tulipokuwa tayari kurekodi nilikuwa nakitundika dirishani, na maseremala kule nje wakikiona wanazima msumeno na kuweka randa chini. Tukimaliza nakitoa, kelele zinarudi. Siku moja nilisahau kukitoa. Baada ya saa nzima mkubwa wao akaja kugonga mlango, jasho limeshamkauka, akauliza kwa adabu kabisa, "Dada, sie tumepumzishwa au tumefukuzwa?"

Mzee Mkumba hakucheka. Alinikalisha, akaniambia sentensi ndefu kuliko zote nilizokuwa nimesikia kutoka kwake. "Kelele ikishaingia kwenye kipaza sauti pamoja na sauti ya mtu, haitoki. Kwenye miksi utaipunguza, utaificha, lakini kuitoa huitoi. Kurekodi kunaanzia nje ya dirisha." Leo mna programu za kuitoa. Nimezitumia. Kweli zinaitoa, ila zinaondoka na kipande cha mwimbaji.

Ulipita mwaka ndipo akaniruhusu kukaa kwenye meza ya mitambo. Nikamuuliza geini ni nini. Alinipeleka mbele ya kipaza sauti, akaniambia ninong'one jina langu, kisha niseme kwa kawaida, kisha niite kama namwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Halafu akanirudisha mezani, yeye akaenda kusimama kule, akafanya vile vile ili mie nitazame mshale wa kipimo cha sauti. Aliponong'ona mshale haukuamka. Alipoita uliruka hadi kwenye wekundu, na kwenye spika sauti yake ikatoka imechanika.

"Umeme unaotoka kwenye kipaza sauti ni mdogo sana," aliniambia. "Geini ni kiasi unachoukuza kabla haujaenda popote. Usiichanganye na volyumu. Volyumu ni ya masikio yako, hata kesho utaibadilisha. Geini ndiyo inayoandikwa kwenye mkanda. Ukiiweka chini mno, baadaye ukipandisha unapandisha na mvumo wa mashine. Ukiiweka juu mno, sauti inagonga dari na kupasuka, na iliyopasuka haishonwi."

"Sasa nitajuaje katikati?"

"Katikati hapatoshi. Acha nafasi juu. Mwimbaji akipata moto atapita kile alichokuonyesha kwenye majaribio. Mwachie mahali pa kwenda."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani nimeelewa.

Miaka miwili baadaye alikuja Bi. Riziki wa Mtoni. Alikuwa na kikundi chake cha kuimba kwenye harusi na hafla, na alikuwa na jina Temeke nzima. Alikuwa na umri wa mama yangu, na shingoni, chini ya mtandio, alikuwa na tezi lililokuwa limeanza kuonekana. Alitaka kurekodi wimbo mmoja tu, aliomtungia marehemu mama yake, mwanamke aliyemkataza kuimba maisha yake yote na bado akawa anamshonea magauni ya jukwaani. Wanamuziki wake walikuwa wamekwisha kurekodi vyombo vyao: ngoma, besi, magitaa mawili, kinanda, fidla, na sauti za kuitikia. Ilibaki sauti yake. Alhamisi aliyokuja, Mzee Mkumba alikuwa kwenye msiba Mbagala. Kabla hajaondoka asubuhi aliniuliza kama niahirishe. Nikasema, "Nitaweza mzee." Nilitaka sana aniulize hivyo, na nilitaka sana kusema hivyo.

Kwenye majaribio Bi. Riziki aliimba nusu sauti. Alikuwa anajitunza. Mie nikapanga geini kwa ile nusu sauti, nikaipandisha vizuri mpaka mshale ukacheza karibu kabisa na wekundu, nikajiona fundi. Tukaanza. Ubeti wa kwanza ulitoka laini kama anaongea na mtu aliyelala chumba cha pili. Kilipofika kiitikio, akafungua sauti yote.

Hapa nataka mnisikilize. Mshale niliuona. Ulikwenda kwenye wekundu ukalala huko, na niliuona kwa macho yangu mawili, na sikusimamisha. Nywele za mikono zilikuwa zimenisimama. Nilijiambia kwamba kitu kizuri namna hii hakiwezi kuharibika. Aliimba beti tatu na kiitikio mara tatu bila kukosea neno, akamaliza, akaketi chini palepale sakafuni akijipangusa uso na mtandio. Teki moja. Teki ni kile mwimbaji anachokitoa tangu unaposema "tayari" mpaka anaponyamaza, na wengine wanahitaji ishirini.

"Hiyo siwezi tena," alisema. Nikamsaidia kusimama, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi Mzee Mkumba alisikiliza mkanda mpaka mwisho. Beti zote tatu zilikuwa safi. Viitikio vyote vitatu vilikuwa vimepasuka, kila neno la juu linatoka kama kitambaa kinachochanwa. Akavua hedifoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Jana ulisikia?"

"Niliona mshale."

Akaanza kuurudisha mkanda mwanzo. "Basi nenda ukamwambie."

"Twende wote mzee."

"Mie sikuwepo," akasema, na akageukia kazi nyingine.

Nilimkuta Bi. Riziki barazani kwake Mtoni, dada yake akimkunjia nguo na kuzipanga kwenye mkoba. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akauliza kaseti yake iko wapi.

"Haijatoka, bibi. Viitikio vimepasuka vyote. Nimeviharibu mie."

Dada yake akaacha kukunja. Bi. Riziki akanipa mlango wa kutokea. "Si mashine?"

"Si mashine. Nilipandisha mno, nikaona, nikanyamaza."

"Unajua hizi nguo ni za wapi? Jumatatu nalazwa. Wananitoa hili tezi. Daktari ameniambia kwa kinywa chake, mama, uzima wako nitaupigania, sauti sikuahidi. Jana niliimba nikiwa najua hivyo."

"Sikujua bibi."

"Si kitu hicho. Hata bila kujua. Uliona, ungesimamisha."

Nilisimama hapo na viatu vyangu mkononi, maana nilikuwa nimevivua nikidhani nitakaribishwa ndani. Dada yake akasema jamani huyu mtoto mwacheni aende. Bi. Riziki akamnyamazisha kwa kiganja.

"Beti ni nzima?"

"Zote."

"Basi hujaharibu wimbo, umeharibu viitikio. Kesho saa tatu nitakuwepo. Na msinipe chai ya maziwa, inaniletea kohozi."

Sasa niwaeleze ugumu ulikuwa wapi. Mashine yetu ilikuwa ya treki nane. Mkanda ni mmoja, lakini juu yake kuna njia nane zinazokwenda sambamba, na kila njia imebeba chombo chake, ndiyo maana baadaye unaweza kushusha gitaa bila kumgusa mwimbaji. Njia zetu nane zilikuwa zimejaa. Hapakuwa na mahali pa kumrekodi upya kando. Ilibidi tuchomekee: mkanda unatembea, mwimbaji anasikia ubeti wake wa Alhamisi kwenye hedifoni, kiitikio kinapoanza unabonyeza kitufe cha kurekodi, kinapoisha unakiachia. Kipya kinafuta cha zamani hapo hapo. Ukichelewa kuingia, unarudia. Lakini ukichelewa kutoka umekula neno la kwanza la ubeti unaofuata, na neno hilo halipo tena duniani. Nyie mna kitufe cha kurudisha nyuma. Sie tulikuwa na kidole.

Jumamosi nilidhani Mzee Mkumba atakaa mezani. Akavuta kiti akakiweka nyuma yangu.

"Mzee, hii bonyeza wewe."

"Unaujua wimbo huu kuliko mie. Kaa."

Kulikuwa na tatizo lingine. Sauti ya kiitikio kipya ilitakiwa ifanane na ya ubeti wa Alhamisi, kama imetoka pumzi moja, na mie sikuwa nimeandika popote kipaza sauti kilikuwa umbali gani. Mwimbaji akisogea karibu, sauti inanenepa. Akisogea mbali, chumba kinaingia. Bi. Riziki ndiye aliyetuokoa. Alinyoosha vidole vyake, akasema alikuwa amesimama shibiri moja na vidole viwili, kwa sababu yeye hupima kila jukwaa analopanda. Tangu siku hiyo nimeandika umbali wa kipaza sauti kwa kila kazi, hata za matangazo ya sabuni.

Nikatundika kitambaa dirishani. Misumeno ikanyamaza. Geini nilikuwa nimeishusha mpaka Mzee Mkumba akakohoa, nikaipandisha kidogo.

"Nitazame mkono," Bi. Riziki aliniambia kupitia kioo. "Nikiuinua, ingia. Nikiushusha, toka. Usisikilize, ukisikiliza utazama tena."

Alinijua tayari. Kiitikio cha kwanza niliingia nimechelewa, tukarudia, kikakaa. Cha pili kikakaa mara ya kwanza, na nilipotoa kidole, ubeti wa tatu ukaanza na neno lake lote. Cha tatu akakatikia njiani, akakohoa, akakohoa tena, akainama. Tulimpa maji ya uvuguvugu. Mzee Mkumba akasema taratibu kwamba vinatosha, cha tatu tungeweza kutafuta namna ya kunakili kile cha pili, maneno ni yale yale.

"Maneno ni yale yale," alisema Bi. Riziki, "ila kwenye cha pili mama bado yuko hai. Cha tatu ameshafariki. Huwezi kuweka kile hapa."

Akanyanyuka. Akapima shibiri yake na vidole viwili. Akaniinulia mkono.

Mtaniuliza kama kilikuwa kizuri kuliko cha Alhamisi. Hapana. Cha Alhamisi kilikuwa cha mtu anayeaga, na nilikipoteza, na sitakisikia tena mahali popote. Hiki kilikuwa cha mtu aliyeamua. Aliimba chini zaidi, akiipeleka sauti neno moja moja kama anayepanda ngazi na mzigo, na alipofika juu hakuteleza. Mkono ukashuka, nikatoka. Sikuthubutu kugeuka mpaka Mzee Mkumba alipofika begani kwangu na kuzima mashine mwenyewe.

Bi. Riziki alilazwa Jumatatu, na sie tukaingia kwenye miksi. Kumiksi ni kuzipanga zile njia nane ziwe wimbo mmoja: nani awe mbele, nani nyuma, nani kushoto, nani kulia. Wanamuziki wake walikuja mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na ombi moja. Mpiga kinanda, braza mmoja mwenye haiba aliyevaa miwani ya jua hadi ndani, aliniambia, "Sista, pandisha kinanda, hakisikiki." Nikapandisha. Akaja wa besi, nikapandisha. Akaja wa fidla. Kufika jioni vyombo vyote vilikuwa vimepanda na Bi. Riziki alikuwa amezama chini ya watu wake mwenyewe.

"Shusha," alisema Mzee Mkumba. "Ukitaka mtu asikike, shusha wanaomziba. Na kinanda usikishushe chote. Kinapigana naye hapa katikati tu." Akanionyesha ikwalaiza. Ikwalaiza haiongezi uzuri, wanangu. Inachagua sehemu ya sauti, nene, ya katikati au nyembamba, na kuipunguza au kuiongeza. Tulipunguza kwenye kinanda pale pale sauti ya Bi. Riziki ilipokuwa inakaa, kidogo tu, na akatoka kama mtu aliyefunguliwa pazia. Mpiga kinanda aliporudi kusikiliza, akasema, "Enhee, sasa si umenipandisha!" Sikumwambia kitu. Nadhani hadi leo anaamini.

Kompresa nilijifunzia kwenye viitikio vyake. Beti zilikuwa za nong'ono na viitikio vya nguvu, kwa hiyo ukiweka sauti isikike ubetini, kwenye kiitikio inakupiga kofi. Kompresa ni kama mkono unaokaa kwenye volyumu: sauti ikipita kiwango ulichopanga, unaishusha, ikitulia, unaiachia. Mie niliupa mkono haraka mno, na ikawa kila anapovuta neno anabanwa kabla halijafunguka. "Unamkaba mgonjwa," Mzee Mkumba aliniambia. Nikaupunguzia haraka. Na eko, ule mwangwi wa kumpa mtu chumba cha kuimbia, niliweka mwingi kwa sababu nilidhani huzuni inahitaji nafasi. Alisikika kama anaimba ndani ya tangi la maji. Mwisho tuliacha eko kidogo, kiasi cha chumba chenye makochi.

Kipimo chetu cha mwisho kilikuwa kwa mama lishe wa jirani, aliyekuwa na redio ndogo yenye spika moja iliyopasuka pembeni. Tulikuwa tunapeleka kaseti pale saa za chapati. Maneno yakisikika juu ya mafuta ya kukaangia, miksi imekwisha. Alisikiliza wimbo ule akigeuza chapati, akageuka akasema, "Huyu mama anamsema mama yake au anamlilia?" Mzee Mkumba akaniambia tupakie vitu, tumemaliza.

Kilichobaki ni masta, na wengi wenu bado mnaichanganya na miksi. Kwenye miksi unashika vyombo kimoja kimoja. Kwenye masta wimbo umeshaungana, unaushika mzima: unasawazisha unene na wembamba wake, unaupa nguvu ili ukipigwa baada ya nyimbo za wengine usisikike kama unatokea jikoni, kisha unatoa nakala ambayo nyingine zote zitazaliwa kutoka kwake. Haikarabati. Kilichopinda kwenye miksi, masta inakipandisha kwenye jukwaa kikiwa kimepinda vile vile. Kazi hiyo tulikuwa tunaipeleka kwa fundi mmoja Kinondoni, mtu mzuri, ila aliyeamini kwamba ukubwa wa sauti ni dawa ya kila kitu. Aliurudisha wimbo ukiwa mkubwa na bapa. Nong'ono na kilio vilikuwa na kimo kimoja.

Nikamrudishia. Akaurekebisha kidogo, nikamrudishia tena. Mara ya tatu alichoka nami. "Dada, watu wanataka sauti kubwa. Wewe ndiye mwenye ishu."

"Basi nifanyie kitu kimoja. Pigisha masta yako na miksi yangu, lakini shusha yako mpaka zilingane ukubwa. Halafu niambie ungenunua ipi."

Alifanya kwa kunikomesha. Tukasikiliza ya kwangu, tukasikiliza yake, zikiwa sawa. Kwenye kiitikio cha tatu alijikuna shingo. Akaomba nimpe mpaka kesho yake, na kesho yake alinipa wimbo wenye ngazi zake zote. Tangu hapo, kila mnapoona nalinganisha kazi mbili, nazilinganisha kwanza kwa ukubwa. Sikio la mtu huchagua iliyo kubwa na kuidhani nzuri.

Bi. Riziki alikuja studio mwezi wa pili baada ya kulazwa, kitenge kimefungwa shingoni. Uzima daktari alikuwa ameupigania kweli. Sauti ilikuwa imeshuka, nzito na yenye mikwaruzo, na zile za juu hakuwa nazo tena. Alitusalimu, nikashtuka, naye akaona nimeshtuka, akasema, "Zoea. Mie nimeshazoea." Alikaa katikati ya spika mbili, mkoba mapajani, tukampigia.

Hakulia. Alisikiliza kama anasikiliza mtu mwingine. Ulipokwisha akaomba tena. Mara ya pili, ubeti wa pili ulipokuwa katikati, aliinua kidole akanigeukia. "Hapa ndipo uliponichomekea."

"Si hapo, bibi."

Akasikiliza zaidi. "Hapa."

"Wala si hapo."

Alijaribu mara nne, na mara zote nne alikosea. Ndipo akacheka, kicheko kile kipya chenye mikwaruzo, akampiga Mzee Mkumba begani. "Umemfundisha huyu," alisema. Mzee Mkumba akajibu kwamba amefundishwa na Bi. Riziki. Kikundi chake hakukiacha. Aliwafundisha wasichana wa Mtoni kuimba, yeye mwenyewe akiwaitikia kwa chini, na nilimrekodi hivyo mara tano nyingine kabla hajatangulia mbele ya haki. Geini yake nilikuwa naipanga kila mara kana kwamba bado angeweza kufungua.

Miaka iliyofuata mingi mnaijua kwa kusikia. Mikanda ikaondoka, kompyuta zikaingia, Mzee Mkumba akarudi kwao Songea na mie nikaachiwa kiti. Treki nane zikawa mia, na nikagundua kwamba mtu mwenye treki mia ana makosa mia ya kuchagua. Nilirekodi kwaya, bongo fleva, kaswida, matangazo, na vijana wa singeli ambao biti zao zinakwenda kasi mpaka kompresa haipati muda wa kupumua. Studio ikahama kutoka Keko. Kazi niliipenda vile vile.

Jambo la mwisho nalieleza kwa sababu wengi mmelisikia vibaya. Hakuna aliyenitoa. Neema, binti wa Kinyerezi mnayemjua, alikuja kwetu akiwa ameshakomaa na kazi, akashika upande wa masta. Nilimwamini kwa sababu alikuwa mkaidi. Mwaka jana nilimpelekea miksi ya kwaya, akaja ofisini kwangu akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama. Hii siwezi kuimasta."

"Marahaba. Ina nini?"

"Zile 's' zinachoma. Kila neno lenye 's'. Masikio yanauma."

Nikaipiga. Nikasikiliza kwa hedifoni, nikasikiliza kwa spika. Kwangu ilikuwa safi, tamu hata. Nikamtazama usoni nikaona anasita, na nikajua kuna kingine.

"Tangu lini, Neema?"

"Mama..."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Kama mwaka na nusu. Nilikuwaga napunguza mwenyewe kwenye masta. Ila hii imezidi, nikipunguza, na sauti za waimbaji zinaondoka."

Nilikwenda kupimwa. Daktari alinionyesha mchoro: sauti nyembamba za juu zimeniondoka masikio yote mawili, ni umri na ni miaka ya hedifoni. Sikuumia sana na mchoro. Niliumia na ule mwaka na nusu. Nilirudi nikamwambia Neema kwamba kunisitiri kazini si heshima, kwamba wale waimbaji wa kwaya hawakuja kwetu kulinda jina langu, na kwamba akirudia nitamfukuza kabla sijaondoka. Akasema, "Sawa mama," akilia, na mie nikatoka nje kidogo ili tusilie wawili.

Ningeweza kuacha siku ile. Lakini albamu ya ile kwaya ilikuwa na nyimbo tisa na nilikuwa nimewaahidi kuimiksi mie. Tukapanga hivi: Neema anakaa kando yangu, kidole mezani. Wimbo unapigwa. Kila "s" inayochoma, anainua kidole. Mie nasimamisha, naitafuta pale pale kwa macho kwenye skrini, naipunguza kwa mkono, moja moja, narudisha nyuma, napiga tena. Nyimbo zile zilijaa Yesu, msalaba na samehe. Wimbo wa kwanza ulituchukua siku tatu. Vijana mlikuwa mnapita mnachungulia mkidhani tunagombana. Kwenye wimbo wa nne nilianza kuzijua zilipo kabla hajainua, kwa umbo lao tu kwenye skrini. Kwenye wa saba alikuwa akiinua kidole mara tatu au nne.

Barua ya kustaafu niliiandika asubuhi ya wimbo wa tisa, nikaiweka kwenye droo, nikamwita. Nilikuwa nimeutengeneza peke yangu siku iliyotangulia, kwa macho na kwa kumbukumbu. Alivuta kiti. Akaweka kidole mezani. Nikabonyeza, na badala ya kutazama skrini nikatazama kile kidole, ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, ule mstari wenye "msamaha" mara tatu, kiitikio cha mwisho, mpaka waimbaji wakanyamaza na eko nayo ikaisha.

Kidole kilikuwa bado kiko mezani.